Mwaka Niliojisifu kwa Kunong'ona

Muga amerudi Desemba hii kama Wahaya wote wanavyorudi Desemba, gari limejaa zawadi na tumbo limejaa hamu ya senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Alikaa kwenye kochi langu, ambalo nalijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu, akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage, akamaliza sahani nzima ya senene huku akisema anaonja tu, halafu akafuta vidole akatoa simu. "Koku, sikiliza hiki." Walikuwa vijana wa nchi nisiyoijua, kwa lugha nisiyoijua, wananong'ona juu ya mdundo wenye majimaji ndani yake, na kila pigo la pili lilichelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kwanza kabla ya kuweka mguu chini. Binti wa Muga, aliye kidato cha pili na anayejua kila kitu kama tulivyojua sisi wakati huo, akainua kichwa. "Baba, huo si mkanyago? Huo ni muziki wa zamani." Wa zamani! Mimi na Muga tukatazamana kama watu walioambiwa wako kwenye kitabu cha historia, ukurasa mmoja na vita vya Majimaji. Nikamwongezea mtoto chai ili nisimjibu. Lakini alipokwenda nje kupigana na mtandao, tulikaa pale hadi chai ikapoa, na mwaka ule wote ukarudi sebuleni ukajipangia nafasi katikati yetu.

Mambo ya nani alinizaa na kwa nini nililelewa na Shangazi hayahusu habari hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya heshima kwa mtu asiyependa makuu, kwa hiyo nikakaa Rwamishenye, pale Bukoba mjini, kwa Shangazi nikijifunza kushona. Nasema kujifunza kwa sababu ndivyo Shangazi alivyowaambia watu kanisani. Ukweli ni kwamba nilikaa. Nina kipaji cha kukaa. Nikitumwa dukani kununua chumvi, ninarudi na uchovu wa mtu aliyetoka Mwanza. Shangazi alikuwa na cherehani yake chumba cha mbele, karibu na mlango, ili wateja wamwone na yeye aone nani anapita na nani, na mimi nilikuwa na chumba cha pili, chenye kitanda, kabati la mninga na dirisha linalotazama ukuta wa duka la kuchapisha. Kwenye duka hilo ndipo Muga alipofanya kazi. Alipiga picha za pasipoti, alichapa barua za kuomba kazi, na wateja wakiisha aliitumia kompyuta ya tajiri wake kutengeneza biti. Biti zilikuwa nzuri. Mistari yake ilikuwa msiba. Aliichana kwa sauti kubwa dirishani kwangu, kuhusu magari asiyoyamiliki na maadui ambao hakuwa nao, hadi siku moja uvumilivu ukaniisha.

"We Muga," nikamwambia kupitia nondo za dirisha, "hilo gari unalosema unaliendesha, umelipaki wapi? Kwenye migomba?"

"Basi chana wewe, mama wa ndani."

"Mimi nina akili zangu."

"Unazo, ila umezikalia."

Nikamjibu kwa mistari. Sikupanga. Babu zetu walikuwa na desturi ya okwebuga, mtu kusimama mbele ya watu na kujisifu mwenyewe, ametoka wapi, amefanya nini, amemshinda nani, na nilikuwa nimewasikia wanaume wakifanya hivyo kwenye harusi za Muleba huku mate yakiruka. Mimi sikuwa nimemshinda yeyote, kwa hiyo nilijisifu kwa nilichokuwa nacho, nikianza kama wao na inye, yaani mimi:

*Inye Koku, nisiyevuka kizingiti,*
*mvua ilinisaka nje ikanikosa, ikawalowesha wenye miguu.*
*Majirani walisafiri wakarudi na vumbi,*
*mimi nilikaa, Bukoba yote ikapita dirishani kunisalimu.*

Na nilinong'ona, maana cherehani ya Shangazi ilikuwa imenyamaza ghafla chumba cha mbele, na cherehani ya Shangazi ikinyamaza, jua kuwa sikio limesogea. Muga alibaki ameshika ukuta. "Rudia," akasema. "Hivyo hivyo, usiongeze sauti hata kidogo."

Sasa, mdundo. Kila mtu aliyeandika mtandaoni kuhusu mkanyago ana nadharia yake kuhusu ule mdundo, na nimesoma nyingine nikajiona mjinga. Ilikuwa hivi. Muga alikwenda kijijini Nshamba kwa baba yake mkubwa, Ta Byabato, kusaidia kuvuna kahawa. Ta Byabato alikuwa maarufu kwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na siku ile alikuwa ndani ya mtumbwi wa mbao ule wa kukamulia, anakanyaga ndizi mbivu zilizochanganywa na nyasi, juisi inatoka. Muga alikuwa anarekodi ndege kwa simu. Akaitwa shambani, akaisahau simu ikiwa inarekodi kwenye ukingo wa mtumbwi, na aliporudi akakuta amepata miguu. Mguu mmoja, majimaji, halafu kimya kidogo, halafu mguu wa pili. Aliikata sauti ile kwenye kompyuta ya tajiri wake, akaipunguza mwendo, akaweka besi chini yake, akaniletea dirishani kupitia spika ndogo iliyofungwa na raba. Niliposikia nilikaa kitandani, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikalala kabisa.

Turekodi wapi? Ndani ya kabati, katikati ya magauni ya Shangazi ya kwenda kanisani, maiki imevishwa soksi. Nilikuwa ninasubiri cherehani ianze ndipo ninong'one, ikinyamaza ninanyamaza, kwa hiyo mistari yangu ilikatika mahali ambapo hakuna mwanamuziki mwenye akili angekata. Mara moja mvua ilinyesha juu ya bati, mvua yetu ya Bukoba ambayo haipigi hodi, na Muga akaniandikia ujumbe: sasa unaweza kupiga kelele, hakuna atakayesikia. Nikajaribu. Ilikuwa vibaya kiasi kwamba sote wawili tuliomba mvua ikatike. Tukarudi kwenye kunong'ona.

Wakati huo simu za kugusa zilikuwa zimeanza kushuka bei, na kulikuwa na mtandao ambapo wapiga midundo wa vyumbani walipandisha kazi zao bila kumwomba mtu wa redio. Watu wa mjini walituita maandagraundi, kwa dharau. Mimi niliona ni jina zuri kwa mtu asiyetaka kuonekana. Muga alipandisha wimbo wetu usio na jina, akaandika tu "Koku wa Ndani", halafu tukaenda kula. Asubuhi yake alikuja dirishani bila hata kupiga mluzi. "Kuna watu," akasema. "Wako wapi?" nikauliza, nikavuta pazia. "Huko ndani! Kwenye wimbo!" Mtu mmoja aliyejiita Kichwa Wazi, aliyekuwa akiendesha ukurasa wa muziki wa chini kwa chini kutoka Morogoro, alikuwa ameuliza: *Huu ni mtindo gani? Nani kawafundisha kuchelewesha pigo la pili? Na huyu dada kwa nini anatutisha hivi bila kupaza sauti?* Muga, ambaye hakuwa na jibu, aliandika neno moja lililomjia: mkanyago.

Sikiliza, mimi nimeona vitu vichache maishani, kwa kuwa sitoki, lakini nimeona neno likigeuka kuwa kabila. Kufikia msimu wa mvua kubwa kulikuwa na kijana wa Kampala anayekanyaga matope kwenye ndoo. Kulikuwa na dada wa Mombasa anayekanyaga nguo ndani ya beseni la kufulia, mdundo wake una povu, unausikia kabisa. Wote walichelewesha pigo la pili. Wote walinong'ona. Walibishana kwenye maoni kama mnong'ono ni ishara ya hasira iliyozuiwa au ni heshima kwa wahenga, na mimi nikisoma nimelala, biskuti kifuani, nikijua kwamba ni woga wa mwanamke mmoja mwenye cherehani. Muga aliacha hata kupunguza nywele. Kichwa Wazi akatuandikia kwamba anakusanya nyimbo za mkanyago ziwe toleo moja, litoke kwenye kurasa za mtandao za nchi kadhaa kwa siku moja, na wimbo wetu uwe wa kwanza, kwa kuwa ndio mama wa zote. Alitaka kitu kimoja tu, neno letu kwamba kila sauti iliyomo ni yetu au mwenyewe ameridhia.

"Jibu ndiyo," nikamwambia Muga.

"Nitajibu," akasema, na hakujibu, kwa sababu siku hiyohiyo simu ilitoka Nshamba.

Kumbe Ta Byabato alikuwa ameenda madukani kununua betri za redio. Kijana wa pikipiki alikuwa ameketi pale anapiga muziki kwa simu yake. Mzee akasimama, akasikiliza, akasema, "Zima hiyo. Hiyo ni miguu yangu." Watu wakacheka. Lakini Ta Byabato alikuwa anachechemea tangu ujana wake, mguu wa kulia ulikuwa ukifika baadaye kidogo, na hakuna mtu pale Nshamba ambaye hakuwahi kumtania kwamba mguu mmoja umefika dukani na mwingine bado uko Ngenge. Wakasikiliza tena, wakamtazama miguu. Halafu wakacheka upya, vibaya zaidi. Mzee akarudi nyumbani bila betri na akatuma neno kwa Muga: itoe sauti hiyo huko ulikoipeleka.

Muga alinieleza haya akiwa amesimama chumba cha mbele, mbele ya Shangazi, kwa sababu hofu ilimfanya asahau kuna dirisha. Cherehani ikanyamaza. Nikajua leo ndiyo leo. Mwenye cherehani alikuwa Mlutheri wa kwaya ambaye hakuwa ameonja rubisi tangu azaliwe, na mimi nilikuwa nimejisifu juu ya mdundo wa rubisi kwa miezi, ndani ya magauni yake.

"Huo wimbo ninaujua," Shangazi akasema, akikata uzi kwa meno. "Mtoto wa mwinjilisti anao kwenye simu. Nikasema moyoni, huyu nimemlea, hata akikohoa ninamjua. Nikashukuru Mungu. Nilidhani umelala mwaka mzima."

Nikautazama uzi ukianguka sakafuni.

"Swali langu ni moja. Muga, mlipotoa huo wimbo, mlimpelekea mzee asikilize kwanza?"

"Hapana, Shangazi. Tulidhani hana simu ya..."

"Mlidhani!" Sasa ndipo alipokasirika. "Rubisi ikiiva, kibuyu cha kwanza kinakwenda kwa nani? Si kwa mwenye nyumba? Hata mlevi wa mwisho anajua hilo. Mzee hajaonja, nyie mnagawia Kampala na Mombasa, mwenyewe anaikuta dukani kwa kijana wa pikipiki! Watoto wa Bahaya nyinyi?" Akasimama, akafunika cherehani kwa kitambaa. "Koku, vaa. Tunakwenda Nshamba."

"Mimi?"

"Aliyejisifu ni nani, mimi?"

Safari sitaieleza, nililala. Muga alikuwa tayari kuufuta wimbo, na kwangu hilo lilikuwa na maana moja. Toleo lingetoka bila mama yake, mkanyago ungebaki wa wale wanaokanyaga ndoo na mabeseni, na mimi ningerudi chumba cha pili kuwa mtu aliyekaa tu. Sikuwahi kutaka kitu maishani kiasi cha kuvaa viatu. Siku ile nilivaa.

Tuliwakuta wakikamua. Ilikuwa mchana, jua limeingia kati ya migomba vipande vipande, majirani wamekuja wengi na vibuyu vyao, na Ta Byabato yuko ndani ya mtumbwi, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kucheka ambayo siku ile hayakucheka. Shangazi akapiga magoti akamsalimia kwa Kihaya salamu ndefu, ile inayouliza habari za nyumba, ng'ombe na migomba kabla ya kufika kwa mtu. Akaitikia yote. Halafu akamtazama Muga.

"Umeitoa?"

"Bado, tata. Tumekuja kuomba."

"Kuomba nini? Kichekesho kimeshakwenda. Hapa nilikuwa nachekwa na Nshamba, sasa umenitafutia wengine wa kunicheka." Majirani wakaguna. "Na huyu anayenong'ona kama mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi, waitu," nikasema kwa neno letu la heshima.

"Wewe ndiye unajisifu? Juu ya miguu yangu?" Akaacha kukanyaga. "Mwenye kujisifu anasimama mbele ya mtu anajisifu. Hajisifu kabatini." Kwa hiyo Muga alikuwa amemweleza na habari ya kabati, Mungu amsamehe. "Simama hapo. Jisifu nikusikie. Nikiona ni mzaha, itolewe. Nikiridhika, tutaona."

"Mwanamke?" mzee mmoja akauliza kutoka kwenye benchi. "Tangu lini mwanamke akajisifu?"

"Tangu wanaume walipobaki kunywa," Shangazi akamjibu bila kugeuka, na benchi lote likalipuka kwa kicheko.

Nikasimama kwenye maganda ya ndizi. Nilijua wanaume wanavyofanya, wanapiga hatua, wanapaza sauti, wanachoma hewa kwa fimbo. Nikafungua kinywa nipaze sauti na ikatoka ile ya siku ya mvua, mbovu, imepasuka katikati. Mtu akacheka. Nikanyamaza. Halafu nikafanya ninachokijua. *Inye Koku*, nikanong'ona, na waliokuwa mbele wakageuka kuwanyamazisha waliokuwa nyuma, ssss, na waliokuwa nyuma wakashusha vibuyu ili wasikie, na kimya kikatembea hadi kwenye ukingo wa shamba, mtoto mmoja akazibwa mdomo na mama yake. Sikuwa nimewahi kuona hilo. Mtandaoni watu wanakusikiliza lakini huwaoni wakiacha kunywa. Nikamaliza mistari ya kizingiti na ya mvua, na hapo wimbo unaisha, lakini macho ya mzee yalikuwa yakinisubiri, kwa hiyo nikaendelea na nisichokuwa nacho:

*Sikwenda popote, nimebebwa.*
*Nimebebwa na miguu ya Byabato, isiyo na viatu, isiyo na tiketi.*
*Imevuka ziwa haikulowa, imefika kwenye theluji haikuhisi baridi.*
*Mwenyewe yuko Nshamba anaota moto, miguu yake inapokewa na wageni.*

"Kasinge!" mtu akapiga kelele, lile neno la zamani la kumwambia mtu ashinde, na wengine wakaitikia, kasinge, kasinge, wakipiga vibuyu kwa viganja. Yule wa kwenye benchi alikuwa amesimama. Ta Byabato aliinama, akachota juisi mtumbwini kwa kibuyu kidogo, ile tamu ambayo haijachachuka, akaionja mwenyewe kwanza, taratibu, mbele yetu sote, halafu akampa Shangazi kwa mikono miwili, na Shangazi akanywa yote, Mlutheri wa watu, akapangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Hiyo theluji," mzee akaniuliza, "ni maneno ya wimbo au ni kweli?"

Muga akachukua simu, akapanda kichuguu mahali mtandao unaposhika, akarudi mbio akamwonyesha. Dada wa Mombasa ndani ya beseni. Kijana wa Kampala ndani ya matope. Mzungu mmoja, tulikuwa hatujamwona, ndevu hadi kifuani, nje kumejaa weupe, anakanyaga sijui nini ndani ya pipa. Ta Byabato aliwatazama mmoja mmoja, simu imeshikwa mbali na uso kama wazee wanavyoshika.

"Mbona wanachechemea?"

"Wanakuiga, tata. Pigo la pili lazima lichelewe. Usipochelewesha wanasema hujui."

"Huyu ni mzima? Miguu yake yote?"

"Mzima kabisa. Anachechemea kwa kusudi."

Mzee akarudisha simu kwa Muga. Kicheko kilianzia tumboni, tukakiona kikipanda, akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili asianguke. Akawageukia majirani, wale wa mguu mmoja uko dukani na mwingine uko Ngenge. "Mmeona? Dunia nzima inajifunza kutembea kama mimi, na nyie bado mnatembea ovyo!" Wakamshangilia hadi kuku wakakimbia. Muga akauliza kama sasa anaweza kuandika kwamba mwenyewe ameridhia. "Andika. Andika na jina, Byabato wa Nshamba, lisikosewe. Lakini ule mkanyago mlionao nilikanyaga nikiwa na njaa, haukuwa kitu. Hiyo simu inashika sauti?"

"Inashika, tata."

"Iweke hapo." Akapandisha suruali, akaingiza mguu wa kushoto ndani ya ndizi, akanitazama nisogee karibu, akainua kidole kwa umati. "Nyamazeni basi. Watu wanasikiliza."

Na mguu wa kulia ukashuka kwa wakati wake.